Wanataka Kitabu Chako Kiitwe Riwaya

Bi Rukia,

Miezi saba imepita na bado nimekukasirikia. Najua marehemu hukumbukwa kwa dua, na dua nakuombea, kwa namna yetu sisi wa kanisani, na kakako Bwana Swaleh ananiambia zinafika. Lakini leo sikuandikii dua. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kugombana na watu kwa ajili yako, halafu nikirudi nyumbani nagundua kwamba mtu ninayetaka hasa kugombana naye ni wewe, nawe hupatikani.

Nianze na gazeti letu. Ulilitumikia miaka thelathini na mmoja, na siku ya pili baada ya mazishi wakakuandikia tanzia ya urefu wa vidole vinne. Wamesema ulizaliwa Lamu. Wewe, mzaliwa wa Kibokoni hapa Mombasa, ambaye Lamu ulikwenda mara mbili tu, na zote kwa harusi! Wamesema uliandika riwaya tano. Ni tatu. Wamekuita malkia wa hadithi za mapenzi. Kitabu chako cha wakunga wa Mji wa Kale, kilichokuchukua miaka sita ya kupanda ngazi za watu na magoti yako mabovu, hakikutajwa. Wanawake wa godauni, uliowafuatilia miaka minane, hawakutajwa. Nikapiga simu Nairobi. Mhariri wa zamu alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Dada Mbeyu, hayo ni makosa madogo. Wasomaji wanamjua kwa riwaya." Nikamwambia makosa mawili katika aya moja si madogo. Akasema atashauriana na wenzake. Mpaka leo wanashauriana.

Ungekuwa wewe ungepanda basi ukawafuata huko huko. Mimi nilifunga mlango wa choo cha ofisi nikalia, kisha nikarudi kuandika habari ya mkutano wa wenye tuktuk.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponirudisha barabarani. Nilikuwa nimetoka kwetu Kaloleni na cheti changu kipya cha uandishi wa habari, najiona nimefika. Nikakuletea habari ya duka la vinyago lililoungua Ndia Kuu. Ukaisoma kwa sauti, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua: "Mfanyabiashara mmoja amepata hasara kubwa." Ukanitazama. "Mmoja ndiye nani?" Nikasema sikumuuliza jina. "Mtu kaunguliwa na duka, nawe hukumuuliza jina? Rudi." Nikarudi kwa miguu katika jua la saa nane. Yule bwana alikuwa akifagia majivu. Nilipomuuliza jina aliuegemeza ufagio ukutani, akanitajia lake, la babake na la babu yake aliyelifungua lile duka, akanitamkia polepole nisije nikakosea. Nilipokuletea tena ulinisukumia tu sahani yako ya mahamri, yakiwa yamebaki mawili.

Miaka kumi na minne nimekaa meza iliyopakana na yako, na nadhani nilikujua. Hilo ndilo linaloniuma.

Uliniambia mwenyewe jinsi ulivyoanza. Mwanamke wa pekee katika ofisi ile, wakakupa ukurasa wa mapishi na harusi. Ukaenda harusini kuandika pilau na hina, ukarudi na habari ya bwana harusi mwenye wajukuu na bi harusi aliyekuwa bado na sare ya shule chini ya kitanda. Wakakataa kuichapisha. Wakakwambia utawachafulia watu jina. Ukaenda nyumbani na hasira zako, ukaigeuza ikawa riwaya yako ya kwanza, na riwaya ikapendwa, ikasomwa hata na wale wale walioikataa habari. Watu wote wanaijua sehemu hiyo. Ya pili ulinihadithia mara moja tu, tumekaa Mama Ngina kando ya bahari tunakula mihogo ya kukaanga, pilipili imekutoa machozi au nilidhani ni pilipili. Kwamba miaka baadaye yule bi harusi alikuja kwako, mtu mzima, na kitabu mkononi. Hakukutukana. Alikuuliza tu, "Mbona mwishoni umenitorosha? Mimi sikutoroka. Niko palepale."

Tangu siku hiyo ukaweka meza mbili katika chumba chako cha juu. Ya dirishani ya mambo yaliyotokea, ya ukutani ya mambo uliyoyatunga. Hata kalamu hukuzichanganya. "Kule nina macho," uliniambia, "na huku nina ruhusa. Nikichanganya, namwibia mtu." Nimeyarudia maneno hayo kwa wanagenzi wote waliopita ofisini petu. Nimeyasema mbele ya darasa zima la chuo. Nimewagombeza watu kwa maneno hayo, Bi Rukia.

Ukafa Jumanne asubuhi, umebakiza sura ya mwisho ya kitabu cha godauni.

Nilikaa na wanawake juu, nyumbani kwenu, nikafunika kichwa kama walivyofunika wao, nikasikiliza wakisoma. Wanaume walipokuchukua nilisimama kwenye dirisha lako nikaliona jeneza likiiacha Ndia Kuu, na wenye maduka wamesimama wima. Baada ya khitma Bwana Swaleh akaniita akanipa ufunguo wa chumba. "Chukua karatasi zake, mwanangu. Sisi hatujui lipi ni lipi. Wewe wajua."

Nilidhani najua.

Madaftari yalikuwa ishirini na matatu, yote ya dirishani, kwa mpangilio wako. Wanawake kumi na saba, kila mmoja na kurasa zake. Jinsi walivyokuwa wakichaguliwa kila asubuhi langoni na nyapara, leo wewe na wewe, kesho mwengine. Jinsi walivyokung'uta na kushona magunia yaliyokuwa yamebeba sumu ya kuulia wadudu wa mashambani, bila hata kitambaa cha pua. Ngozi za vidole zilivyowatoka. Kikohozi. Sita walivyokufa. Na ile barua ya kampuni, mistari mitatu, kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kuajiriwa pale. Ukatafuta daftari la nyapara lililokuwa na majina ya vibarua, ukaambiwa limepotea. Kwa hivyo mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba wanawake hao walifanya kazi pale ni katika madaftari yako.

Nikaimalizia sura ya mwisho kwa maelezo uliyoyaacha, nikapeleka mswada kwa waliotoa riwaya zako. Mhariri wao akaja Mombasa mwenyewe, mtu mpole, ananiita dada, amekusoma kweli kweli. Tukatembea Mama Ngina jioni katikati ya watu na watoto na wauza madafu, akaniambia kitabu kimemliza. Kisha akaniambia hawawezi kukitoa hivyo. Wakili wao anaogopa ile kampuni. "Lakini, Dada Mbeyu, yeye si mwandishi wa riwaya? Tubadilishe majina, tubadilishe mji, juu ya jalada tuandike riwaya. Hakuna atakayetugusa. Na walimu wataigombania shuleni."

Nilimpandishia sauti mbele ya watu. Nilimwambia habari ya meza mbili. Nilimwambia kwamba wewe ungeufungia mswada sandukuni kuliko kuwaita watu wazima kumi na saba hadithi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga viazi vya karai aliacha kukaanga akanitazama. Nilikwenda nyumbani Ganjoni nimejaa fahari. Nilijiona nimekuwa wewe.

Wiki iliyofuata nikarudi chumbani kwako kutafuta picha za godauni. Hazikuwa kwenye meza ya dirishani. Nikafungua droo ya meza ya ukutani.

Kurasa arobaini. Mwandiko wako, kalamu yako ya meza hiyo. Godauni limekuwa kiwanda cha udi na marashi. Mama Dama, mmoja wa wale kumi na saba, ambaye ulimtembelea kila mwezi kwa miaka minane, amekuwa Bi Subira, mrembo, ana mpenzi baharia. Kuna daktari mwema anayegundua kila kitu. Na pembeni mwa ukurasa wa kumi na mbili umejiandikia: *Labda hivi ndivyo watakavyokubali kusikia.* Ukurasa wa mwisho umekatika katikati ya sentensi. Na kinachoniua, Bi Rukia, ni kwamba kurasa zenyewe ni nzuri. Ni nzuri kuliko sura yangu ya mwisho.

Nilikutukana pale pale chumbani, nakwambia kweli. Kwa Kigiriama, ili wa chini wasinielewe. Miaka kumi na minne unanirudisha barabarani kutafuta majina, na wewe mwenyewe umejifungia ukawafuta. Ungeniambia! Ungesema, Mbeyu, nimechoka. Mbeyu, naogopa. Ningeshindwa kuelewa? Sote tulijua kwamba kuna watu walikuja kukuona ofisini, wawili, na makoti yao, wakafunga mlango. Ulitoka ukaagiza kahawa ukasema ni watu wa bima.

Siku ya tatu nikampigia yule mhariri. Nikamwambia sawa, badilisheni. Yeye akafurahi, akaniomba nifanye mimi kwa sababu nawajua. Na nikafanya. Wiki tatu nilikaa na kompyuta nikimgeuza Mama Dama. Najua utaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu nilikuta hata wewe ulichoka, na nilipata raha ya ubaya kukufuata.

Kilichonishinda ni uso wake. Kila nikiandika Subira namwona Mama Dama anavyokohoa, anavyoinua mkono mmoja kama anayekuomba radhi, usubiri amalize. Nikaona niende nimwambie kwa kinywa changu kuliko aje kusikia redioni.

Bado anakaa kile chumba cha nyuma, hapa hapa Ganjoni, karibu na shule. Sasa hafui tena nguo za watu, kifua hakimruhusu. Aliniandalia kiti, akakataa kukaa kitandani mpaka nikae mimi. Nikamweleza yote, wakili, jalada, majina. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema,

"Kwa hivyo mimi sikuugua?"

Nikamwambia, "Uliugua, mama. Ila kitabuni atakayeugua ni mwengine."

"Basi na anitolee yeye hiki kikohozi."

Akakohoa, akainua mkono, nikasubiri. Alipopata pumzi akanicheka kidogo, kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake amerudia kosa analolijua.

"Rukia naye alikuja na hayo hayo. Mwaka juzi. Alikaa hapo hapo ulipokaa, akanisomea karatasi zake. Akasoma vizuri, sauti tamu. Nikamwambia, huyo Subira nampa pole, lakini simjui. Mimi jina langu waliniita langoni miaka saba, kila asubuhi, Dama wa Ngala, ingia. Sasa waseme hawakuniita? Na wewe pia useme hukunijua?"

Nikamuuliza ulisema nini.

"Alilia hapo, akaniomba radhi, akazikunja karatasi zake. Hakuzisoma tena."

Kwa hivyo ndiyo maana sentensi imekatika. Uliacha kuandika siku uliyotoka pale. Wiki tatu nzima nilikuwa nikikufuata kwenye njia ambayo wewe ulikuwa umekwisha kuiacha, na hukuniachia hata kijikaratasi kimoja cha kuniambia usipite huku.

Hilo ndilo ninalokulaumu. Si kurasa arobaini. Ni kunyamaza. Ulitaka nikuone wa dirishani tu.

Sasa nikupe habari za baadaye. Mama Dama alinisaidia kuwaita wenziwe waliobaki hai. Wako kumi na mmoja. Walikuja Jumapili mchana, baada ya ibada na baada ya adhuhuri, wengine kutoka Kilifi na Mariakani, na Mama Achieng', aliyekuja pwani na mumewe wa reli, alishikiliwa na binti yake. Nikamsomea kila mmoja kurasa zake. Walinisahihisha sana. Umeandika kwamba Mama Achieng' aliacha kazi kwa sababu ya macho. Ni kwa sababu ya mimba. Umeandika kwamba lango lilikuwa la kijani. Wote kumi na mmoja wanasema la bluu, na wakagombana na wewe nusu saa kana kwamba umekaa nasi. Tisa wamesema majina yao yabaki. Wawili wamekataa. Mmoja mwanawe ameajiriwa na kampuni ile ile, na mwengine hakutoa sababu, nami sikuomba. Wale sita waliokufa, nimekwenda kwa watoto wao, nyumba kwa nyumba, kuwaomba ruhusa. Mmoja wao alinifungia mlango. Nimeandika hivyo: kwamba kuna wanawake waliotaka wasitajwe, na kwamba nimewaona na ni kweli wapo.

Nikamwandikia yule mhariri kwamba mswada wangu wa Subira nimeutia motoni, kama watu wanavyosema, nikamtaka radhi. Alisikitika. Hakunigombeza, na ningependelea angenigombeza. Ofisini wamenihamisha kwenye ukurasa wa mapishi na mitindo. Mhariri mkuu anasema ni mabadiliko ya kawaida. Usicheke.

Kuna wakili, mwanamke, amekubali kukisoma kitabu mstari kwa mstari. Ameniondolea aya tatu. Moja ni ile uliyoipenda, ya nyapara aliyeambiwa na wakubwa wake asiwape wanawake vitambaa vya pua kwa sababu wangeuliza ni vya nini. Hukuandika popote ni nani aliyekuambia. Nimepekua madaftari yote ishirini na matatu. Wewe, mwenye kunirudisha juani kwa jina la mwenye duka! Nimeitoa. Nilipoifuta nilikwambia neno ambalo sitaliandika hapa.

Anayekichapisha ni fundi mmoja hapa kisiwani anayechapisha kadi za harusi na vitabu vya madrasa. Mashine yake imeharibika mara mbili. Jalada la kwanza alilileta na picha ya mnazi. Nimemrudishia. La pili amelileta na picha ya mnazi mdogo zaidi. Tunaendelea kuzungumza.

Na kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Nimeandika dibaji. Nimeeleza maisha yako ya kazi kama yalivyokuwa: ukurasa wa harusi, bi harusi aliyerudi na kitabu, wakunga, riwaya tatu, miaka minane ya godauni. Na nimeandika kwamba mwaka juzi ulikaribia kukigeuza kitabu hiki kuwa hadithi. Kwamba uliandika kurasa arobaini. Kwamba uliogopa, na ulichoka, na ulikwenda kumuuliza mwenyewe, na ulipojibiwa uliacha.

Bwana Swaleh nilimsomea barazani kabla ya kumpa mtu mwengine. Alikasirika. "Mbeyu mwanangu, maiti hasemwi. Wataka kumvunjia heshima dadangu?" Nikamwambia ukiandikwa bila hofu yako nitakuwa nimekutungia mtu mwengine, nikakupa maisha yasiyo yako. Adhana ikaanza, akaisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniomba nimsomee tena pale uliposema na Mama Dama. Nikamsomea. Akanyanyuka kwenda msikitini. Hajanikubalia. Hajanikatalia pia. Asubuhi yake akaniletea picha yako ya ujana, umeshika daftari, umekunja uso, akasema kama kitabu ni lazima kiwe na picha basi na iwe hiyo, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa.

Sikusamehe bado, Bi Rukia. Nitajaribu. Naona inakuja polepole, kama nafuu ya jino. Siku nyingine naamka nimekutamani tu, nataka unisomee kazi yangu kwa sauti na uniaibishe.

Nakuahidi hili. Nakala ya kwanza haiendi gazetini, wala haiendi kwa wakubwa. Itakwenda kwa Mama Dama, na kwa kuwa hasomi, nitakaa nimsomee yote, jalada hadi jalada, hata ikichukua wiki, nikisubiri kila atakapoinua mkono. Akiniambia pahala si kweli, nitaparekebisha, hata kama ni pahala ulipopaandika wewe. Hata kama ni pahala palipokupendeza.

Lala salama, mwalimu wangu. Mola wenu na wetu akurehemu.

Ni mimi, mwanao wa ofisini,

Mbeyu
Ganjoni